Maji yalivyokula mtaji wa dada, na mashua ndogo iliyotufundisha kuyazuia

Na Mwandishi Wetu, Bwera

ANAYEVUSHA bidhaa Mpondwe anaijua hesabu ya mvua. Ikinyeshea ndizi, ndizi haidhuriki. Ikinyeshea muhogo mkavu, hasara ni siku moja au mbili za kuanika upya. Lakini ikinyeshea simu, redio na taa za sola, mtaji umekwenda na maji, na mkopo hausubiri kiangazi.

Msimu wa mvua uliopita hesabu hiyo ilimwangukia dada yangu. Yeye huuza simu ndogo za vitufe, redio na taa za sola. Mzigo hununua Kasese mjini, kisha huuza sokoni Mpondwe kwa wateja wanaovuka kutoka Kasindi. Siku nyingine hupanda boda boda hadi kwenye mialo ya Kayanzi na Katwe, kwa wavuvi wa Ziwa Edward. Bidhaa zake hukaa kwenye sanduku la mbao alilochongewa na seremala hapa Bwera: sanduku imara, lenye kufuli, lililopakwa rangi ya mafuta mara tatu.

Siku hiyo mvua ilimkuta njiani na haikumwacha hadi alipofika nyumbani. Alipofungua sanduku jioni, simu saba na taa nne za sola zilikuwa zimeloa. Kwa nje sanduku halikuwa na ufa hata mmoja. Fedha za mzigo huo alikuwa amezikopa kwenye chama cha akiba cha kina mama, na siku ya marejesho ilikuwa wiki ya pili yake.

Usiku ule nyumba nzima ililaumu mbao. Wengine walimlaumu seremala. Aliyetuonyesha kwamba tunawalaumu wasio na kosa ni mwanawe, mpwa wangu anayesoma sekondari, na chombo chake cha mchezo: mashua ndogo ya mbao inayoendeshwa kwa rimoti.

Mashua iliyozimika bila kutoboka

Kijana alikuwa ameiunda mashua hiyo kwa plaiwudi nyembamba, urefu wake kama mkono wa mtu mzima kutoka begani hadi vidoleni. Katikati aliacha chumba kidogo chenye kifuniko. Humo aliweka betri, mota, kidhibiti cha kasi, mota ndogo ya kugeuza usukani, na kipokezi kinachopokea amri za rimoti. Kutoka kwenye mota, ekseli nyembamba inapita ndani ya bomba hadi nyuma ya mashua na kuzungusha rafadha, yaani lile pangaboi la majini.

Aliijaribu kwenye bwawa la samaki la jirani. Ilikwenda vizuri kwa dakika kama mbili, kisha ikaanza kuzunguka mahali pamoja, kisha ikazimika. Walipoivuta na kuifungua, ndani ya chumba mlikuwa na maji kiasi cha vijiko vichache tu. Lakini kwa kipokezi, kijiko kimoja kinatosha.

Tatizo hili ni la zamani kama mashua zenyewe za rimoti. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York, katika ukumbi wa Madison Square Garden, mashua ndogo iliyoendeshwa kwa mawimbi ya redio, bila waya wowote kati yake na mwendeshaji. Hataza yake ya Marekani ilitolewa Novemba 8 mwaka huohuo. Betri, mota na kipokezi vilikaa ndani ya chombo kinachoelea. Tangu hapo kila anayeunda mashua ya namna hiyo hukutana na swali lilelile: umeme na maji vitakaaje karibu hivyo bila kugusana?

Mpwa wangu alikuwa na jibu lake. Alikwisha kushika brashi ili aipake mashua rangi mara ya nne. Nilimwomba asubiri kwanza tujue maji yameingilia wapi.

Tulitoa vifaa vyote. Tukaiweka mashua juu ya matofali mawili, na chini yake tukatandika gazeti kavu. Halafu, badala ya kuitumbukiza majini, tukamimina maji ndani yake na kungoja. Maji yakiweza kuingia mahali, yataweza pia kutokea hapohapo, na gazeti litasema.

Baada ya saa moja gazeti lilikuwa na madoa mawili tu. La kwanza lilikuwa chini ya mdomo wa bomba la ekseli. La pili lilikuwa chini ya tundu linalopitisha fimbo ya usukani. Ubavu wote wa mbao ulikuwa mkavu.

"Mjomba," akasema kijana, "kumbe rangi yote nimeipaka pasipovuja."

Tulichukua sanduku la mama yake tukalifanyia vivyo hivyo. Matone yalitokea kwenye skrubu za bawaba, kwenye skrubu za kishikio cha kufuli, na kwenye tundu alilotoboa dada mwenyewe kupitisha waya wa kuchajia simu kutoka kwenye paneli ya sola. Tulipolifunga na kulimwagia maji juu kwa kopo, mengine yakapenya chini ya kifuniko. Ubao wa seremala haukupitisha hata tone.

Hilo ndilo somo lenyewe, na yanayofuata ni matawi yake: maji hayapiti kwenye ubao mzima uliopakwa vizuri. Hupita pale ulipoutoboa wewe mwenyewe.

Tundu ni lazima, uchi si lazima

Mafundi wa majahazi wa Lamu na Unguja wanalijua jambo hili tangu enzi. Nguvu yao kubwa huiweka kwenye maungio. Hapo ndipo wanapotia kalafati, yaani nyuzi za pamba zilizolowa mafuta, zikashindiliwa kwa patasi na nyundo katikati ya mbao mbili. Mbao ikinywa maji hutanuka, na kutanuka huko huibana ile pamba zaidi.

Kwenye sanduku dogo la vifaa vya umeme hatutaki mbao inywe maji hata kidogo, kwa sababu mbao hutanuka na kusinyaa kukatisha nyuzi zake, na kila inapofanya hivyo rangi hupasuka kwenye kona. Sehemu inayokunywa kwa pupa ni ile ilikokatwa: ncha za ubao, kingo za plaiwudi, na kuta za ndani za kila tundu. Uso wa ubao ukipakwa rangi mara tatu na tundu likaachwa uchi, ni sawa na kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Dawa yake inajulikana kwa waundaji wa mashua. Toboa tundu kubwa kuliko skrubu. Lijaze epoksi, ile gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa. Ikishakauka na kuwa ngumu, toboa tundu dogo la skrubu katikati yake. Sasa skrubu inashika kwenye epoksi, na mbao haioni maji. Kingo za plaiwudi nazo zipakwe epoksi nyepesi mara mbili, zisuguliwe kwa msasa, ndipo rangi au vanishi ifuate. Vanishi na rangi hulinda epoksi dhidi ya jua, ambalo huidhoofisha.

Kwa waya kuna kanuni moja ambayo kila fundi wa sola anapaswa kuijua. Waya usiingie kwenye sanduku ukitokea juu. Uache ushuke kwanza chini ya tundu, ndipo upande na kuingia. Tone la mvua linalofuata waya litafika pale chini na kudondoka. Waya unaoteremka moja kwa moja hadi kwenye tundu ni mfereji wa kuleta maji ndani.

Kwenye mashua, bomba la ekseli tulilijaza grisi nzito, kwani ekseli inayozunguka haiwezi kugundishwa, na mdomo wa ndani wa bomba tukauinua uwe juu ya usawa wa maji. Fimbo ya usukani, inayokwenda mbele na nyuma, tuliivisha kidole kilichokatwa kwenye glavu ya mpira. Upande mmoja tuliufunga kwa uzi kwenye fimbo, na mwingine kwenye bomba lake. Mpira unajikunja na kunyooka, fimbo inafanya kazi, na maji yanabaki nje.

Kifuniko na ndala za zamani

Kifuniko cha sanduku la dada kilikuwa kimekaa juu ya ubao bapa, kama kitabu juu ya meza. Mvua inayosimama hapo haina pa kwenda ila ndani. Tulijenga ukingo wa mbao kuuzunguka mdomo, wenye kimo cha sentimita tatu, na kifuniko kipya kikatengenezwa kishuke nje ya ukingo huo, kama kifuniko cha kopo la majani ya chai. Sasa maji yanayotaka kuingia hayana budi kupanda, na maji hayapendi kupanda.

Kati ya kifuniko na ukingo panahitajika kitu laini cha kubana. Hapa wengi hukosea kwa kutumia sponji ya godoro. Sponji hiyo ina vitundu vinavyoungana, kwa hiyo hunywa maji na kuyahifadhi mlangoni pa sanduku. Kata kipande uchovye kwenye kikombe cha maji, kisha ukikamue: kikitoa maji, hakifai. Tuliyotumia sisi ni nyayo za ndala kuukuu. Povu lake lina vitundu vilivyojifunga kila kimoja peke yake, na halinywi. Mpira wa tyubu ya baiskeli unafaa pia. Usiupake mafuta ya kujipaka ya petroli ukidhani unausaidia, maana mafuta hayo huufanya mpira uvimbe na kulegea.

Kifuniko kibanwe pande zote kwa nguvu sawa. Kufuli moja mbele huinua upande wa nyuma. Mikanda miwili ya tyubu inayozunguka sanduku lote inabana vizuri kuliko kufuli la bei kubwa. Kufuli ni la wezi, na mikanda ni ya mvua.

Hewa uliyoifungia ndani

Kuna maji yasiyoonekana, nayo huingia kwa mlango halali.

Sanduku likikaa juani pale Mpondwe mchana, hewa ya ndani hupata moto na kutanuka. Mvua ya ghafla ikilipiga, hewa ile hupoa na kusinyaa. Tuseme imetoka nyuzi joto 50 hadi 25. Mgandamizo wa hewa ndani ya sanduku lililofungwa kabisa utashuka kwa karibu asilimia 8. Kwenye mwinuko wa Ziwa Edward, ulio kidogo juu ya mita 900, upungufu huo unaweza kunyonya maji kwenye mrija hadi kimo cha kama sentimita 70. Kwa maneno mengine, sanduku lililopata jua kisha mvua hugeuka kuwa mdomo unaonyonya. Ukungu wa maji ulioko kwenye kila upenyo utavutwa ndani. Ndivyo ilivyo pia kwa mzigo uliofungwa Butembo kwenye milima na kushushwa hadi Kasindi bondeni: mgandamizo wa nje huongezeka kadiri unavyoteremka.

Zaidi ya hayo, hewa yenyewe ina unyevu. Ukifunga sanduku alfajiri ya ukungu, au ukitia simu ndani na mikono yenye jasho, unyevu huo unabaki humo. Usiku ukipoa, unageuka matone kwenye kioo na kwenye vyuma.

Kwa hiyo funga sanduku mahali pakavu na kivulini. Kwa sanduku la kubebea njiani lisilozama, acha tundu dogo la kupumulia chini ya ule mshuko wa kifuniko, likielekea chini, mahali mvua isipofika. Mashua haiwezi kuachiwa tundu kama hilo, kwa sababu huzama na kupinduka. Kwa hiyo kila ikitoka majini, mpwa hukifungua chumba na kukiacha kikauke.

Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya na mikoba, vinavyoandikwa kwamba visiliwe, ni vya kufyonza unyevu. Usivitupe. Vya rangi ya buluu hugeuka waridi vikishiba, na vingi vya rangi ya machungwa hugeuka kijani. Vilivyoshiba vinaweza kukaushwa kwa joto la wastani na kutumika tena. Viwekwe mbali na watoto na chakula.

Gundi yenye harufu ya siki

Maduka ya vifaa vya ujenzi huuza silikoni za aina mbili, na mfanyabiashara asiyejua tofauti atajiharibia bidhaa akidhani anazilinda. Aina moja hutoa harufu kali ya siki inapokauka. Harufu hiyo ni asidi, na asidi hiyo hula shaba. Ifae kwenye vioo vya madirisha, lakini isifungiwe kwenye chumba kimoja na waya na saketi. Aina ya pili haina harufu ya siki, na ndiyo inayofaa karibu na umeme. Soma maandishi kwenye mrija. Kama huelewi lugha yake, toa tone dogo na kunusa.

Sisi wa Kasese hatupaswi kuambiwa habari za shaba na wageni. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa sababu ya shaba ya Kilembe. Shaba iliyo kwenye waya na kwenye njia nyembamba za saketi ikipata unyevu na asidi au chumvi, huota ukungu wa kijani. Ukungu huo ndio unaozima simu miezi miwili baada ya mvua, wakati mteja amekwisha kusahau kwamba iliwahi kuloa na anamlaumu muuzaji.

Mahali adui huyo anapoonekana waziwazi ni Katwe. Kiwanda cha chumvi kilichojengwa pale zaidi ya miaka 40 iliyopita hakikudumu, kwa sababu maji ya chumvi ya ziwa lile yalikula mabomba yake, na magofu yapo hadi leo. Ikiwa chumvi iliweza mabomba ya kiwanda, haitashindwa na tundu la chaji la simu. Zaidi ya hapo, chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo simu yenye vumbi la chumvi huendelea kuloa hata siku isiyo na mvua. Anayeuza simu Katwe azifunge kila moja kwenye mfuko wake, na akirudi nyumbani alifute sanduku kwa kitambaa chenye maji safi kidogo, kisha kikavu.

Usitegemee ukuta mmoja

Mashua ya mpwa ilikuwa na kosa la mwisho, na sanduku la dada lilikuwa nalo pia: kila kitu kililala sakafuni. Maji yakishaingia, hata kidogo, hutafuta sakafu. Tuliinua vifaa juu ya vijiti vya mbao vyenye kimo cha vidole viwili. Kipokezi tukakitia kwenye kopo dogo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na antena yake ikapandishwa juu kabisa, kwa kuwa mawimbi ya rimoti hizi hayapenyi maji. Betri na kidhibiti cha kasi hatukuvifunika kwa povu wala gundi, maana hutoa joto na joto lazima lipate njia.

Sanduku la dada nalo limepata sakafu ya vijiti. Kila simu iko kwenye mfuko wake wa nailoni, ambao kwetu tunauita kaveera, mdomo umekunjwa mara mbili na kuelekezwa chini. Kwa hiyo maji yana kazi tatu badala ya moja: kupita kifuniko, kupanda vijiti, kisha kufungua kaveera.

Anayepanda mtumbwi na mzigo wake aongeze hesabu nyingine. Lita moja ya nafasi huinua kilo moja majini. Sanduku la ujazo wa lita 20 likiwa na mzigo, jumla kilo 12, litaelea mtumbwi ukipinduka, ilimradi lisijae maji. La lita 10 lenye kilo 12 litazama. Lipime kabla ya safari, na ulifunge kamba yenye kibuyu au dumu tupu la kuonyesha lilipo.

Namba zilizo kwenye boksi la simu

Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipokuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Julai 2022, maneno ya biashara pande zote mbili za mto Lhubiriha yamezidi kuwa mamoja, na mojawapo ni lile la muuzaji anayesema simu yake "haipiti maji". Mwombe akuonyeshe herufi IP na tarakimu mbili zinazofuata. Ya kwanza ni ya vumbi. Ya pili ni ya maji. Nne maana yake ni michirizi ya maji tu. Saba maana yake ni kuzama hadi mita moja kwa dakika 30. Nane ni kuzama zaidi ya hapo, kwa masharti ya mtengenezaji.

Vipimo hivyo hufanywa kwa maji safi na kwenye chombo kipya. Havisemi lolote kuhusu maji ya chumvi wala ya sabuni. Simu iliyokwisha kufunguliwa ili kubadilishwa kioo haina tena uhakika wa namba yake, kwa sababu gundi ya kiwandani imekatwa. Ukiuza simu iliyotumika, usimwahidi mteja kwamba haipiti maji.

Kikishaloa

Dada alipofungua sanduku siku ile, alifanya wafanyavyo wengi: aliziwasha simu aone zipi zimepona. Hilo ndilo lililoziua nyingine. Maji peke yake yangeweza kukauka. Maji pamoja na umeme hula shaba kwa dakika chache.

Zima. Toa betri kama inatoka. Kama maji yalikuwa ya chumvi au ya matope, saketi ioshwe kwa maji safi na kisha kwa spiriti, na kazi hiyo aifanye fundi anayejua kufungua. Halafu iachwe mahali penye upepo na kivuli kwa siku mbili au zaidi. Usiitumbukize kwenye mchele. Kampuni ya Apple iliwaambia wateja wake mwaka 2024 waache kufanya hivyo, kwa kuwa chembe ndogo za mchele zinaweza kuiharibu simu. Mchele hauvuti unyevu kuliko upepo unavyoukausha.

Betri ya lithiamu iliyoingia maji, iliyovimba au iliyo na joto lisilo la kawaida isichajiwe tena na isirudishwe dukani. Iweke nje, mbali na nyumba na vitu vinavyoungua. Inaweza kuwaka moto saa kadhaa baadaye. Betri ya mashua nayo hutolewa nje kila inapochajiwa, haichajiwi ndani ya chumba kilichofungwa.

Karatasi isiyosema uongo

Kabla hatujarudisha kifaa chochote ndani ya mashua, tulifanya jaribio la mwisho. Tulitia kwenye chumba karatasi ya shashi iliyochorwa mistari kwa kalamu ya wino unaoyeyuka, tukafunga kifuniko, tukaigandamiza mashua kwenye beseni la maji kwa jiwe, tukaiacha usiku kucha. Tone moja likiingia, wino husambaa na kuonyesha lilikotokea.

Asubuhi mistari ilikuwa imenyooka. Jumamosi ile mashua ilizunguka bwawa kwa dakika 20, ikapinduliwa mara moja kwa makusudi, na ikarudi yenyewe.

Sanduku la dada lilijaribiwa kwa namna yake. Tuliliweka chini ya mfereji wa bati mvua ikinyesha, na karatasi ndani. Mara ya kwanza kona moja ya wino ilisambaa: ndala upande ule ilikatwa fupi. Tukaibadilisha. Mara ya pili karatasi ilikuwa safi.

Simu nne kati ya saba hazikupona. Chama cha akiba kilimpa dada miezi miwili zaidi, naye ameanza tena kwa mzigo mdogo. Lakini kila siku ya soko, kabla ya kufunga mikanda ya tyubu, huchora mstari wa wino kwenye kipande cha shashi na kukilaza chini kabisa ya sanduku. Jioni akirudi, hiyo karatasi ndiyo anayoitazama kwanza, kabla ya kuhesabu fedha.